Kiwanja chenye majani nacho kilipe

Chukua viwanja viwili vilivyopakana Gungu, Kigoma, kila kimoja mita 20 kwa 30, bikoni zote za mipaka zipo. Kimoja kina nyumba ya vyumba vitatu. Kingine kina majani na kibao cha "Kiwanja hiki hakiuzwi". Mwenyewe yuko Dar, anasubiri reli ya kisasa ifike. Pango la ardhi, lile la serikali la kila mwaka, wanalipa sawa, maana linahesabiwa kwa mita za mraba, matumizi na eneo. Ila aliyejenga anaongezewa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kila mwezi ndani ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na mara nyingi anayenunua umeme huo ni mpangaji. Mwenye majani haimhusu. Ninachotaka ni kodi ya thamani ya ardhi: kila mwenye kiwanja alipe kwa thamani ya ardhi peke yake, awe amejenga au hajajenga.

Wapo wanaosema kutoza thamani ya ardhi ni kumnyang'anya mtu uhuru wake. Kodi iliyonyang'anya uhuru tunaijua: ile ya vibanda ya Wajerumani, 1897, iliyowatoa watu makwao kwenda kusaka rupia kwenye mashamba ya wengine. Ile ilimwandama mtu. Hii inabaki na ardhi, ambayo bei yake imepandishwa na barabara, bomba la maji na majirani. Ukiongeza chumba, haiongezeki. Tena kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Hati yenyewe ina ukomo, kama miaka 33 au 99.

Kazi iko kwenye uthamini. Tuseme ile nyumba ya Gungu, pamoja na kiwanja chake, imeuzwa milioni 28. Mthamini anakadiria gharama ya kuijenga leo, anatoa uchakavu, tuseme anabaki na milioni 20. Milioni 8 zilizosalia ndiyo ardhi. Kwa asilimia 1 ni shilingi 80,000 kwa mwaka, na jirani mwenye majani 80,000 zilezile. Kodi ya jengo ifutwe hapo hapo, la sivyo ni mzigo juu ya mzigo. Shida ni kwamba mikataba ya mauziano huandikwa bei pungufu, hesabu yote ikayumba. Daftari la thamani za viwanja likizeeka ndiyo balaa: Nairobi, iliyotoza ardhi bila jengo, ilikaa miaka na miaka na thamani za miaka ya 1980.

Anayenipa wasiwasi ni bibi wa Ujiji mwenye kiwanja cha bei kubwa na kibindo kitupu. Deni lake liandikwe juu ya kiwanja, lilipwe siku kitakapouzwa au kurithiwa. Denmark wazee wanaruhusiwa kuahirisha hivyo. Akinyimwa nafasi hiyo atamuuzia dalali kwa bei ya kutupa, na hapo wanaolilia uhuru sitakuwa na la kuwajibu.