Tembo wa Ruaha na bakuli la maharage

Mwalimu wa baiolojia anayefundisha namna ya kukadiria idadi ya wanyamapori huwa na njia mbili. Anaweza kumpa mwanafunzi fomula, apate jibu moja, apigiwe vema. Au anaweza kumwonyesha tangu mwanzo kwamba jibu hilo huyumba. Mimi niko na wa njia ya pili, ingawa wenzao wana hoja.

Chukua zoezi la kukamata, kutia alama na kukamata tena, ambamo maharage husimama badala ya wanyama. Mwaga maharage kwenye bakuli bila kuyahesabu. Chota 50, yatie alama ya wino, yarudishe, koroga. Chota tena 60. Tuseme 12 yana alama. Hamsini mara sitini, gawa kwa 12, unapata 250: hilo ndilo kadirio la maharage yote bakulini. Vipindi vingi huishia hapo. Mwache mwanafunzi arudie. Safari hii yenye alama yakitoka 9, jibu linaruka hadi 333. Yakitoka 15, linashuka hadi 200. Bakuli ni lile lile, na hakuna aliyekosea hesabu. Kisha mwambie afikirie samaki aliyeshtuka, asiyekubali kunaswa mara ya pili: wenye alama watapatikana wachache, na kadirio litazidi ukweli.

Wanaotetea fomula husema kipindi ni kifupi na mtihani unataka namba moja. Hilo halinisumbui sana. Linalonisumbua ni hoja yao nyingine, kwamba mtoto akizoeshwa kuona shaka katika kila takwimu, atakuwa mtu mzima anayeikataa takwimu yoyote isiyompendeza. Hiyo ni hatari ya kweli, na mfano uko Tanzania.

Mwaka 2009, mfumo wa ikolojia wa Ruaha-Rungwa ulikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 31,000. Mwaka 2013 walikuwa 20,000 na ushee. Sensa ya 2014 ikatoa 8,272. Mjadala ukawaka, hesabu ikarudiwa 2015, ikatoka zaidi ya 15,000. Mtu angeweza kusema kwa urahisi kwamba wataalamu wanabahatisha tu.

Mwanafunzi aliyejua fomula peke yake hana la kujibu hapo. Aliyejua jinsi kazi inavyofanyika ataanza na swali: je, wangeweza kuzaliana? Mimba ya tembo huchukua miezi 22, kwa hiyo kuongezeka karibu mara mbili ndani ya mwaka mmoja kwa uzazi haiwezekani. Basi ama walihama na kurudi, ama moja ya hesabu ilikuwa mbali na ukweli, ama yote mawili.

Atajua pia kwa nini hesabu inaweza kuwa mbali hivyo. Ndege ndogo hupita kwenye mistari iliyonyooka, kimo cha mita mia moja hivi kutoka ardhini. Kwenye mihimili ya mabawa hufungwa fimbo, na mwangalizi huhesabu tembo wanaoonekana katikati ya fimbo hizo tu. Aliye nje, hata awe dume la kutisha kiasi gani, haandikwi. Eneo linalotazamwa hivyo ni sehemu ndogo ya hifadhi, kisha idadi hukuzwa kufidia kulikobaki. Sasa tembo hawajatawanyika kama nyasi. Wanatembea kwa makundi. Mstari ukiangukia kundi kubwa, kadirio linapanda. Ukilikosa kwa mita mia mbili, linashuka. Ndiyo maana ripoti za sensa hizi huweka kando ya namba kiwango cha kupungua au kuzidi, kile ambacho vichwa vya habari hukitupa.

Je, kuhesabu wote bila sampuli si bora? Kwenye mbuga wazi hufanyika, na huondoa kosa la kukuza namba. Hakuondoi kosa la jicho: tembo chini ya miti haonekani, iwe ni sampuli au si sampuli.

Kwa hiyo shaka ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo ya kufundishwa. Chukua hesabu iliyo ya heri zaidi, ile ya 2015, uiweke mbele ya ile ya 2009: bado nusu ya tembo hawaonekani. Ugomvi ulihusu ukubwa wa hasara. Kuhusu kama hasara ilikuwepo, hesabu ya 2014 na ya 2015 zote mbili zinasema ndiyo, na mwanafunzi aliyerudia bakuli lake mara kumi anaweza kuutofautisha ugomvi wa kwanza na wa pili bila kuambiwa na mtu.