Uzi Unajichora Wenyewe, Fundi Analipwa ya Nini?

Leo tena! Eti uzi unajichora wenyewe, kwa hiyo fundi apunguze bei. Baridi ya Julai hii, Mbeya nzima inatoa moshi mdomoni, na bado kuna mtu wa kusimama na kandambili akijadili bei ya soksi za kufumwa kwa mkono.

Umeme tuuache. Bajaji za Uyole nazo tuziache, moyo usije ukasimama bure. Turudi kwa huyu mheshimiwa.

Kakamata soksi, kaigeuza, kainusa. "Fundi, hii mistari umechora wewe?"

Hapana, mzee wangu. Rangi zimetiwa kiwandani kwa vipande virefu. Ukizungusha vitanzi 64, vile vijicho vya uzi kwenye sindano, mistari inajipanga.

"Kumbe! Sasa wewe unalipwa ya nini?"

Jamani. Ya nini! Naomba tuheshimiane. Sindano tano za milimita 2.5: nne zimebeba vitanzi 16 kila moja, ya tano ndiyo inayofuma. Juu kuna mpindo wa kubana, vitanzi viwili mbele, viwili nyuma, mizunguko 16. Ukiuruka huo, soksi inaingia kiatuni kabla hujafika Kabwe.

Halafu kisigino. Huo uzi wako wenye akili ukifika hapo unapotea njia. Unafuma vitanzi 32 tu, kwenda na kurudi, kwa hiyo kipande kilekile cha rangi kinatoa safu mara mbili. Mstari uliokuwa mwembamba unakuwa kama mkanda wa mgambo. Kisigino kikishapinda vinabaki 18. Okota 16 kila ubavu, jumlisha 32 vya juu ya mguu: 82! Sasa mistari inakonda. Punguza viwili kila mzunguko wa pili mpaka 64 irudi, ndipo itulie. Asiyetaka kero hiyo afume kisigino kwa uzi mweusi wa pembeni, rangi za juu ziendelee pale zilipoachwa.

"Sawa, ila ya pili ianze na bluu kama hii."

Ahaa, leo tumeanza kuelewana! Lakini hiyo bluu haiji kwa kuitwa. Unavuta uzi na kuutoa kando mpaka uikute bluu ileile, mwanzo wake, siyo katikati. Na unavuta upande uleule wa donge; ukianzia ncha nyingine rangi zinakuja kinyumenyume, mguu mmoja unakwenda Tunduma, mwingine unarudi Makambako. Bado kiwanda hakijakuwekea fundo katikati ya donge, bluu inarukia njano bila hodi, unakata na kutafuta upya. Gramu 100 zinatosha jozi ya mtu mzima, ila kwa kutupa namna hii, mzee, mguu namba 45 usiniletee.

"Mitumbani napata jozi tatu kwa buku mbili."

Nenda basi! Nenda, mzee wangu, wamefungua! Kavae hizo jozi tatu zote kwa mpigo, uone kama zitafikia sufu!

Na wale wanaoanika juu ya jiko la mkaa je? Robo ya uzi huo ni nailoni, jamani, inayeyuka! Kesho yake, "Fundi, imetoboka." Imetoboka au umeichoma? Na huo mkaa wa kuchomea soksi mnautoa wapi, gunia lenyewe likishuka kwenye lori nusu ni vumbi, juu wamepanga magogo mazuri, chini...