Sabufa ya Mama Mwenyekiti

Haya, najua fundi wangu wa kompyuta kashawasimulia ya kwake, kwamba eti nilishika maiki nikaanza kuungama mbele ya kina mama. Hakuna maiki iliyoshikwa jamani. Maiki ingekuwa afadhali, maiki unaizima. Ngoja niseme mwenyewe maana hapa Magomeni hata bodaboda akinipita anapunguza mwendo, anasema "laki na ishirini!" afu anaondoka anacheka mpaka kona ya pili.

Mashine mnaijua, nimeiposti humu mpaka mkachoka. Kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba, used, chipu ya Intel i5 ya kizazi cha 3, RAM ya GB 8, nikaiwekea SSD, ile diski ya kasi, imekuja na basi kutoka Kariakoo ndani ya boksi la sabuni. Lengo lilikuwa ile tivii yangu ya nchi 32 isiyo smati nayo ionekane ya watu. Mlioniambia ninunue android box, kile kisanduku cha kuifanya tivii iwe smati, nishawajibu, zile za bei chee nyingi Netflix inakupa picha ya 480 basi, huwezi kumtofautisha muuaji na polisi.

Ila kompyuta nayo ina maneno yake. Nyuma haina tundu la HDMI la kuchomeka tivii, ina VGA na DisplayPort mbili, kwa hiyo adapta. Bluetooth haina, kwa hiyo ukanunue kile kidude cha kuchomeka kwenye USB. Ukiweka muvi ya 4K iliyobanwa kwa H.265, ule mtindo wa kufanya faili liwe dogo, picha inatembea moja moja, kwa sababu chipu za Intel za kuifungua ile kitu vizuri zimeanza kizazi cha 6, na ile ya biti 10, yenye rangi nyingi zaidi, mpaka cha 7, sasa hii yangu ya kizazi cha 3 inapiga mahesabu kwa nguvu za mwili, CPU asilimia mia, feni inalia. YouTube nikaiwekea h264ify, kiprogramu cha kwenye brauza kinachoilazimisha ilete video za H.264 ambazo mashine inaziweza, ikatulia. Kila tatizo lina kidude chake na kila kidude kina bei, na hela ilikuwa inatoka wapi hilo tutafika, msinikimbize.

Sasa Jumamosi.

Kikoba cha mama watoto kilikuwa kinasherehekea kutimiza mwaka, kwa Mama Mwenyekiti, chini ya mwembe. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na uchochoro ambao mtu mwenye mwili anapita kiubavu. Vitenge sare, pilau, korosho kwenye sinia, sanduku lao la kufuli tatu limekaa katikati kama bibi harusi, na sabufa. Hiyo sabufa ishikeni. Ni ya Mama Mwenyekiti, mimi niliiazima kujaribia kile kidude cha bluetooth, ikakubaliana na mashine vizuri kabisa, nikairudisha na asante nyingi. Nilichosahau ni kwamba wale wawili walikuwa wameshapeana namba.

Mimi niko ndani na mwanangu wa kiume, dirisha wazi kwa ajili ya joto, nimechomeka adapta, picha imekuja safi, kubwa, nikasema leo ndo leo. Huko nje nikasikia muziki umekatika, yule dada wa kwenye sabufa akasema "konekted". Nikajua wanabadilisha kutoka flashi kwenda simu ya mtu.

Kwangu picha ipo, sauti hakuna.

Nikaongeza volyumu ya tivii. Hakuna. Nikaongeza ya kompyuta mpaka mia. Hakuna, ila vile vimstari vya kijani vinapanda na kushuka, yaani mashine inaapa kwamba sauti inatoka. Nikasema hii ni adapta, nijaribu kitu kifupi ambacho nakijua. WhatsApp ilikuwa wazi hapo pembeni. Nikafungua chati ya fundi, nikachagua voisi ya kwangu mwenyewe niliyomtumia asubuhi yake, nikabonyeza.

Voisi inasema hivi, naiandika kwa sababu mtaa mzima unayo:

"Oya fundi, shemeji yako akikuuliza bei ya mashine mwambie laki na ishirini, usije ukataja ile laki tatu na nusu. Na hela ya bati usiiguse kabisa kwenye maongezi, mi nishamwambia bati zimeadimika mpaka meli ije. Na wale mama zake wa kikoba hata usiwahofie, wale ukiwapa pilau wanasahau hesabu."

Mimi sijasikia kitu. Vimstari vinacheza. Nikasogeza sikio kwenye tivii. Nje kukawa kimya, nikashukuru kabisa moyoni kwamba wamenipunguzia kelele nifanye kazi.

Nikairudia.

Mwanangu akaniangalia. Akaangalia dirisha. Akaniangalia tena. "Baba, we uko nje?"

Nikamwambia nyamaza nasikilizia. Nikachomoa adapta nikaipuliza, mnajua ile ya kupuliza, haijawahi kutengeneza kitu chochote hapa duniani lakini tunapuliza. Nikaichomeka. Nikabonyeza tena toka mwanzo, na safari hii nikatulia, nikasikia kwa mbaaali mtu anasema "laki tatu na nusu". Sauti nzito ya kiume, ina besi. Nikajisemea huyu mtu naye ana matatizo kama yangu. Wallahi nilimhurumia.

Afu nikasikia "mpaka meli ije".

Jamani damu inaweza kusimama. Nilishika mausi nikataka kubonyeza stopu, mkono hauendi, kishale kinazunguka kwenye skrini, nchi 32 zote nakiona kinavyozunguka, nimebonyeza emoji, nimebonyeza jina la fundi, nimefungua picha yake ya profaili ikajaa tivii nzima anatabasamu, na huko nje mimi naendelea kuongea kwa raha zangu, "ukiwapa pilau," na hapo nikakumbuka kwamba wanakula pilau. Kijiko hakisikiki. Nikang'oa waya wa umeme ukutani. Lakini sentensi ilikuwa imeshakwisha.

Kumbe Windows sabufa ikiwaka tu yenyewe inahamishia sauti huko, haikuulizi. Kama una mashine ya namna hii nenda ukaifute ile sabufa kwenye orodha, fanya sasa hivi, nitakusubiri.

Kilichofuata ni haraka haraka. Mama watoto hakupiga kelele, ningepona. Alisimama mlangoni na sahani mkononi akasema, "Baba fulani, unaitwa kwenye kikao." Nikaenda. Mkopo wa bati ulikuwa laki sita, kwa jina lake, na wadhamini wake wawili walikuwa wamekaa pale wananiangalia huku wanatafuna taratibu. Mweka hazina akasoma daftari. Nikapigwa faini ya kuchelewesha taarifa, kifungu ambacho nina uhakika kilitungwa palepale. Bibi mmoja mtu mzima kabisa akaniuliza, "Mwanangu, hiyo meli inatoka wapi?" Sikuwa na jibu, nikasema China. Wakacheka mpaka sinia la korosho likamwagika.

Uamuzi: mashine, tivii, adapta na kile kidude vyote vimeandikwa dhamana, viko sebuleni kwa Mama Mwenyekiti mpaka bati zionekane kwa macho juu ya jiko la uani. Simu yangu pia mama watoto kaichukua kwa ukaguzi, hapa naandika kwa simu ya mdogo wangu, kwa hiyo msinitumie ujinga.

Na wakati naandika, mjukuu wa Mama Mwenyekiti kaja hapa anahema. Bibi anasema mashine inafanya kazi vizuri, anaangalia tamthilia, sauti safi, anashukuru. Ila kuna vitu vya kijani vinaruka ruka pembeni na jina la fundi, na kimoja kina kialama cha maiki. Anauliza akibonyeza kuna shida?

WhatsApp sikulogauti. Wajuaji wa "logauti kwa simu", simu iko kwa mama watoto nimeshasema. Dogo viatu vyangu viko wapi