Eti Kila Mhitimu Anapenda Kuogelea

Jamani, kuna kazi mbili ambazo mtu hupewa kwa sababu siku ya kikao hakuwepo: uweka hazina wa darasa na uhariri wa kitabu cha mahafali. Mweka hazina ana nafuu, ana daftari la kujifichia. Mhariri ana fomu 42 zilizojazwa na wahitimu 42 wa kidato cha mwisho, na zote, naapa, zimeandikwa na mtu mmoja.

Vuta yoyote usome. "Ni mcheshi, mkarimu na mwenye upendo kwa wote. Hupenda kusikiliza muziki na kuogelea. Ndoto yake ni kuwa daktari ili aisaidie jamii." Weka pembeni, vuta nyingine. Mcheshi, mkarimu, muziki, kuogelea. Kuogelea! Huyu huyu ambaye mvua ikinyesha anavuka uwanja kwa kuruka mawe asilowe kisigino, leo kwenye fomu amekuwa samaki. Na wacheshi wote hao wangekuwa kweli wacheshi, darasa lisingekalika kwa vicheko. Kumbe kipindi cha mwisho mchana wote wameshika mashavu, wanasinzia kwa zamu.

Ukweli usemwe, kosa ni la fomu. Ukimuuliza mtu "Eleza tabia yako," anajieleza kama anaomba kazi. Ukimuuliza "Unataka kuwa nani?" anajibu kile baba yake alichomjibia tangu darasa la kwanza. Futa hayo maswali. Uliza matatu tu. La kwanza: ni kitu gani chako wenzako huazima kuliko vyote? La pili: ni sentensi gani umeisema mara nyingi mpaka wenzako wanaweza kuimalizia? La tatu: Jumatatu ya kwanza baada ya mtihani wa mwisho, saa nne asubuhi, utakuwa wapi unafanya nini? Hilo la tatu linafukua mambo. Daktari mtarajiwa anaandika "nitakuwa gereji kwa mjomba, nimeshaahidiwa ovaroli." Sasa hapo tuna mtu!

Halafu usimwachie mwenyewe aandike. Wape watu wawili waliokaa naye: mmoja wa dawati la mbele yake, mmoja wa nyuma. Wa mbele anajua sauti yake, wa nyuma anajua kisogo chake na yote aliyokuwa akiyafanya chini ya meza. Rafiki wa kufa na kuzikana usimpe kabisa. Huyo ataandika maneno 300 ya machozi ambayo wanaoyaelewa ni wawili, na mmoja wao ni yeye.

Maneno 60 yanatosha, mwisho 70. Si uchoyo, ni karatasi. Kitabu cha kawaida ni karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati, kila ukurasa unabaki milimita 148 kwa 210. Weka watu wawili kwa ukurasa, kila mmoja na picha ya sentimita 3 kwa 4 na herufi za ukubwa wa 10, na nafasi inayobaki inameza maneno 70 bila kubanana. Akileta 140 akisema "zipunguze tu herufi," mwambie bibi yake atakisoma kitabu hiki pia, na bibi hana darubini.

Katika hayo 60, kitu kimoja kinachoonekana kwa macho kinashinda sifa kumi. Mfano: "Rula yake ya sentimita 30 ilivunjikia kwenye 17 tangu kidato cha tatu, na hakununua nyingine. Kila mstari mrefu kuliko hapo aliuchora mara mbili, na hakuna aliyewahi kuona unapoungana. Anakwenda kusomea upimaji wa ardhi." Maneno hayafiki hata 40. Hakuna "mvumilivu", hakuna "makini", na msomaji ameshaviona vyote viwili. Au yule wa kikokotoo: "Kikokotoo chake kimefanya mitihani ya watu tisa. Namba 7 imefutika. Anapokiazimisha huwa hakidai, hukaa tu karibu nawe akikohoa. Anataka uuguzi." Mgonjwa wa huyu atakunywa dawa kwa wakati, kikohozi kile kinatosha.

Tuje kwenye hizo ndoto sasa. Katika 42, madaktari ni 11. Nchi nyingi udaktari ni miaka mitano au sita ya chuo, ukimaliza unaanza mafunzo ya vitendo hospitalini, na ukitaka ubingwa unarudi tena kukaa darasani. Siwazuii. Nasema tu kwamba kati ya hao 11 wako watatu waliozimia, au walioomba ruhusa ya kwenda chooni, siku ya kupasua chura. Waandikie hivyo hivyo kwa upole: "Anataka udaktari, amekubaliana na wote isipokuwa chura." Anayezimia leo anaweza kuwa mpasuaji kesho. Wengine wanazoea damu taratibu, wengine wanahamia kusoma picha za mionzi ambako damu haimwagiki.

Marubani wako watatu. Huwa hawaulizi saa, wanauliza mshahara. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya kurusha ndege binafsi inataka angalau saa 40 angani, ya biashara saa 200, au 150 kama umepitia kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ile ya nahodha wa ndege kubwa ya abiria, ni saa 1500. Mtu akiruka saa mbili kila siku bila mapumziko wala mafua, hizo ni siku 750. Na mmoja wa hawa watatu kengele ya asubuhi haijawahi kumkuta darasani, sasa sijui hao abiria atawaambiaje. Ila ana macho makali, anasoma ubao akiwa dirishani kwa nje, na hilo liandikwe kwa sababu ni kweli na linamfaa.

Wako wanasheria, ambao sifa yao ni moja: ukiwaambia kumekucha wanadai ushahidi. Yuko mhasibu, naye ndiye mweka hazina wetu ambaye hesabu zake zinapishana na sanduku kwa sarafu zile zile tangu muhula wa kwanza, na anaziandika kila wiki kwa wino mwekundu bila kuficha. Huyo mimi nitampa pesa zangu. Wako "wafanyabiashara" saba, ukiuliza biashara ya nini wanasema "ya kawaida." Warudishie fomu. Aliyekuwa akiuza kalamu moja moja kwenye mtihani, baada ya kununua boksi zima, hakuandika kuwa ni mfanyabiashara. Kaandika "bado sijajua."

Na huyu wa "bado sijajua" ndiye anayenipa uchungu, maana wahariri wengi humtungia ndoto ili ukurasa usionekane mtupu. Anaamka siku ya mahafali anajikuta mhandisi wa majengo. Mwache hivyo hivyo. Andika "bado hajajua, lakini kalamu zake zinaandika." Wenzake 41 nusu yao hawajui vilevile, tofauti ni kwamba wamejua kuandika "daktari."

Kuna mistari ya kutovuka. Matokeo ya mtihani usiyaguse, ugonjwa usiuguse, nani alimpenda nani usiguse hata kwa mafumbo, kwa sababu mafumbo ya darasani yanafumbuliwa na mama sebuleni kwa dakika mbili. Jina la utani liingie kama mwenyewe huitikia akiitwa nalo. Anayenyamaza au kucheka kwa meno bila macho, hilo jina halitaki. Kipimo changu ni rahisi: kisome kwa sauti ukijifanya mzazi wake amekaa mbele yako. Ukijikuta unapunguza sauti mahali fulani, futa hapo. Kisha mwenyewe asome, atie sahihi. Atatia sahihi bila kusoma, halafu siku ya kugawa atakuwa wa kwanza kupiga kelele kwamba jina lake lina h moja tu. Kwa hiyo majina usimuulize rafiki, nakili kutoka orodha ya usajili wa mtihani, herufi kwa herufi. Na usipange kwa alfabeti, mtagombana kama ni jina la kwanza au la ukoo mpaka kitabu kichelewe. Panga kwa madawati, mstari kwa mstari. Hapo hata jirani anajulikana.

Picha ndizo zinazozeesha watu. Unaomba picha moja ya uso. Unaletewa picha ya harusi ya shangazi ambamo mhitimu ni nukta ya nyuma karibu na spika. Sentimita 3 kwa 4 zikichapwa vizuri, nukta 300 kwa inchi, zinahitaji kama pikseli 354 kwa 472. Simu yoyote inazo hizo na kuzidi, mradi picha itumwe kama faili. Ikitumwa kawaida kwenye programu za ujumbe inabanwa, ikipakuliwa na kutumwa upya na watu wanne inazidi kubanwa, na uso unabaki miraba miraba kama sakafu. Mwingine kajikata kutoka picha ya kundi, kakata vizuri kweli, isipokuwa mkono wa mtu umebaki begani kwake. Mkono peke yake, wenye saa iliyofungwa kwa mpira mahali pa mkanda. Ukiukata unakata na sikio. Basi unauacha.

Dawa ni kupiga wote siku moja. Watoe ukutani, ukuta mweupe pamoja na shati jeupe vinaidanganya kamera: inaona mwanga mwingi, inapunguza, nyuso zinatoka giza. Wasimame kivulini wakitazama upande wenye mwanga, nyuma yao pawe na kitu cha rangi ya wastani. Gusa uso kwenye kioo cha simu, pandisha mwanga kidogo, piga mara tatu kwa sababu ya wanaofumba. Hili lina uzito zaidi kama kitabu kitatolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, maana fotokopi haina huruma. Uso uliokuwa na kivuli kidogo unarudi doa la wino lenye meno.

Kisha hesabu ya kurasa, ambayo hakuna anayeamini mpaka limkute. Kitabu cha kukunja kinakwenda kwa nne nne, kwa sababu karatasi moja iliyokunjwa ni kurasa nne, utake usitake. Watu 42 wawili wawili ni kurasa 21. Salamu za mkuu wa shule ukurasa mmoja, picha ya darasa zima mmoja, wa kuwekeana sahihi mmoja. Jumla 24, karatasi sita, roho safi. Halafu salamu za mkuu zinakuja kurasa mbili. Sasa ni 25, yaani lazima 28, yaani kurasa tatu tupu, na hapo ndipo washairi wa darasa wananusa. Kila mmoja ana beti 16. Ni heri kwenda kupiga hodi ofisini kwa adabu, useme "mwalimu, tumeombwa tupunguze."

Wakati wa kuchapa, chagua kugeuza karatasi kwa upande mfupi. Ukichagua mrefu, kila karatasi upande mmoja unasimama kwa kichwa. Chapa kimoja tu kwanza, na tazama: katika kitabu cha kurasa 24, mbili zinazokaa pamoja upande mmoja wa karatasi lazima zijumlishwe kuwa 25. Wa 1 na 24, wa 2 na 23, mpaka katikati 12 na 13. Haijafika 25, simamisha printa kabla hujachapa nakala 60 za vurugu.

Mwisho pini. Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo, ni fupi, imezoea pembe. Kama hakuna ya mkono mrefu, lifungue taya stepla, tandaza kitabu juu ya kadibodi ya boksi, mgongo ukitazama juu, gonga pini mbili kwenye mkunjo. Zitazama kwenye kadibodi. Ng'oa polepole, geuza, laza miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko. Kwa kidole usijaribu. Pini 120 ni nyingi na damu kwenye jalada haifutiki.

Vinagawiwa. Kila mtu anafungua ukurasa wake, anasoma, anafunga, anadai amekosewa, anafungua tena kwa siri. Kelele zikipungua mtu wa dawati la mwisho anahesabu, anahesabu tena, anauliza: "Kwani sisi si 43?"

Ndiyo, ni 43. Mhariri ni kama yule wa hadithi, aliyehesabu punda akamsahau aliyempanda. Aliyekusanya fomu hakujipa fomu, na kurasa ni 24, hakuna pa kuchomeka mtu. Wanamwandika kwa kalamu kwenye ukurasa wa sahihi, kila nakala maneno tofauti, nyingine zina makosa ya herufi ambayo yeye asingeyapitisha. Picha ndiyo haipo. Ila ukifungua ukurasa wa 9, mhitimu wa chini, ule mkono uliobaki begani wenye saa ya mpira: ndiye huyo.