Nilivyorithisha mgongo wangu, kumbe mama yuko safu ya nne

Naanza kwa kusema sikulia. Hilo la kulia ni la yule jamaa aliyekuwa analala juu yangu kwenye dabo deka miaka miwili, kwao karibu na shule, kwa hiyo pepa ya mwisho imeisha mchana yeye jioni yuko nyumbani na simu mkononi, mimi nimekaa kwenye basi kutwa nzima, nafika, nawasha simu iliyolala kabatini tangu likizo, nakuta grupu la darasa lina meseji mia nne na wote wananiita Mgongo. Kuna voisi ya dakika tatu anasimulia huku anacheka mwenyewe mpaka maneno hayasikiki. Kasema nililia, kasema nilidondoka jukwaani, kasema mama alinipiga na kiatu. Uongo. Kiatu hakikuwepo. Kilikuwepo mto. Tulieni niwape yenyewe, na wewe wa juu kama upo humu endelea kucheka tu, ulivyokuwa unaongea usingizini na mimi nayakumbuka yote.

Shule siitaji, cheti changu bado kiko kwao.

Mahafali yalikuwa mwezi wa nne, wiki chache kabla ya mtihani wa NECTA, yaani ule utaratibu wetu wa kupongezwa kwanza kufeli baadaye. Ratiba ni ile ile mnayoijua: maandamano, ngonjera, risala ya wahitimu yenye changamoto ya maji na uchakavu wa mabweni, mgeni rasmi anaahidi saruji, keki, watu wanaenda kula pilau. Sasa ticha wetu wa Literature (sisi ni HKL, mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza) alishawahi kutuambia kwamba Shakespeare kwenye wosia wake wa 1616 alimwachia mkewe kitanda, tena sio kile kizuri, kile cha pili yake. Darasa lilikufa kwa kicheko. Akaongezea kwamba Marekani huko wanaomaliza sekondari wana mchezo wa kuandika wosia wa utani, unamwachia dogo wa darasa la chini sio mali bali tabia, uchelewaji wako, mdomo wako, kile ambacho shule itapumua ukiondoka nacho. Hapo tukakidaka. Maana kurithishana sisi tunako siku zote ila ni vitu, ndoo, tranka lisilofunga, godoro lenye ramani ya Afrika. Tabia hakuna aliyewahi kumwachia mtu rasmi.

Nikateuliwa mimi kusoma kwa sababu nina mdomo. Patroni akataka aione kwanza, akakata vipengele viwili, kimoja kilikuwa kinamhusu yeye, iliyobaki akaigonga muhuri. Kwa hiyo jueni karatasi ilikuwa safi. Karatasi haina kosa lolote katika kesi hii.

Na ilikwenda vizuri, nisiwafiche. Yule dada wa HGL aliyekuwa analia kabla ya kila pepa halafu anaongoza, kamwachia dogo mmoja machozi ya kabla na alama A za baada, kwa sharti visitenganishwe. Kaka mkuu kaachia ile sauti yake ya "mstariniii" inayoamsha mpaka kuku wa walimu. Wa juu yangu kaachia kukoroma, pamoja na haki ya kukataa asubuhi. Mwingine kaachia kipaji cha kulala prepo macho wazi, kidole kikiwa kwenye mstari, ukurasa ule ule muhula mzima. Kuna mmoja kaachia ufundi wa kuanza kila insha ya GS, yaani General Studies, na uhuru wa 1961 hata kama swali ni la ukataji miti. Hapo ticha wa GS mwenyewe alipiga meza. Kila nikimaliza kipengele mrithi wa fomu faivu anasimama, anapigiwa makofi, anakaa. Mgeni rasmi kavua miwani anafuta macho.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja, na huu ni wa kweli: watu wakinichekea naharibika. Karatasi imeisha, nilitakiwa niseme asanteni sana nirudi nikakae. Nikaangalia ule ukumbi unacheka, nikaona kabisa hawa watu bado wana nafasi. Nikaikunja karatasi ya patroni nikaitia mfukoni. Nikasema, "Na mimi mwenyewe pia nina urithi."

Hapa inabidi niwape historia ya mgongo. Fomu faivu, Jumatano ya kwanza ya shamba, nilinyanyua jembe nikasikia kitu kimeteguka, nahisi ilikuwa ni mkanda. Nikaguna. Matroni akaniona, akanihurumia, akaniandikia kikaratasi nipumzike. Jumatano iliyofuata nikaguna tena kuona kama kikaratasi bado kipo. Kipo. Mwalimu Nyerere alileta Elimu ya Kujitegemea 1967, mimi nikajitegemea kwa kulala bwenini Jumatano zote kwa miaka miwili. Tatizo matroni alikuwa na moyo mzuri mno, akampigia mama. Basi likizo ikifika mgongo inabidi usafiri na mimi mpaka nyumbani. Mama ananichua kwa mafuta ya moto kila usiku. Jumuiya nzima imeniombea, kuna bibi mmoja alifunga siku tatu. Maji nikakatazwa kubeba, akawa anabeba mdogo wangu wa kike, na yeye ni mtoto wa kidato cha pili, mwembamba kama ufagio. Nilikuwa namwangalia anapita na ndoo kichwani nasema moyoni nitaacha, mwakani nitaacha.

Na mama hakuwa anakuja mahafali! Hiki ndicho watu hawakielewi. Wiki moja kabla alipiga kwenye simu ya patroni akaniambia baba pole, nauli imegoma, nitakuombea tu. Mimi nikasema sawa mama. Sikujua kwamba vikoba wamemkopesha na ijumaa usiku kapanda basi.

Kwa hiyo niko pale mbele na maiki, ukumbi umejaa, nasema: "Mimi ninamwachia mdogo wangu wa EGM," nikamtaja, dogo mpole, shati limemzidi, akasimama, "ninamwachia mgongo wangu. Mgongo huu umenihudumia miaka miwili. Hauumi siku yoyote isipokuwa Jumatano. Ukifika saa nane mchana unashika hapa, unaguna hivi." Nikaonyesha. Nikainama, mkono kiunoni, nikaguna kwenye maiki, na zile spika za kukodi zinavyovuma, mguno ulifika mpaka jikoni. Watu hoi. Mwalimu wa shamba amesimama kabisa, mdomo wazi. Nikaona haitoshi, nikaongeza, "Na una marupurupu, ukienda nao likizo hubebi maji."

Naona kicheko kimepungua upande mmoja. Upande wa wazazi, safu ya nne. Nikaangalia.

Cha kwanza nilichoona ni kilemba, nakijua kile kilemba, cha harusi ya shangazi. Chini ya kilemba kuna mama. Kwenye mapaja ya mama kuna mto. Mto wa kufuma, machungwa na kijani, na katikati umetariziwa kwa uzi mweupe herufi kubwa: PONA BABA. Kaufuma mwenyewe, kausafirisha usiku kucha, niuweke kwenye kiti cha chumba cha mtihani nisiteseke masaa matatu.

Na mimi nikafanya nini? Jamani. Hili ndilo wa juu kalisahau kwenye voisi yake na mimi ningelikaa nalo kimya ila nimesema nawapa yenyewe. Nilivyomuona mama, mwili ulifanya kazi iliyozoea. Kabla kichwa hakijaamua chochote mkono ukaenda kiunoni, mgongo ukapinda, uso ukakunjamana, na nikaguna. Sekunde kumi baada ya kuwaeleza watu mia sita kwamba ni uongo, nikauigiza tena, kwa dhati, na maiki iko mdomoni.

Ukumbi ukanyamaza kwanza. Halafu ukalipuka. Kuna mzazi alitoka nje.

Mama akasimama. Polepole, anajinyoosha kitenge. Akachukua mto akauweka kifuani akaanza kutoka kwenye safu, samahani, samahani baba, anaruka miguu ya watu. Sasa DJ yeye kaona nini? Kaona mama kasimama, kashika kitu, anaenda mbele. Kwa DJ wa mahafali hiyo ni tafsiri moja tu, mzazi anakuja kumtuza mwanae. Akapiga wimbo wa kutuza. Vigelegele vikapasuka. Wamama watatu wasiomjua mama wala mimi wakadandia nyuma yake wanacheza, mmoja ameshika elfu mbili anaipunga juu. Mama hachezi. Mama anatembea. Lakini ile midundo ilivyo, hata mtu anayetembea kwa hasira anaonekana anacheza, na MC anachochea, "Mama huyoo, mama na mwanaaa!"

Nikasema basi, akifika namkumbatia, yaishe. Nikafungua mikono. Mama akanipita. Yaani kanipita kama nguzo, harufu ya yale mafuta ya kuchulia ikabaki. Mmoja wa wale wamama akanibandika elfu mbili kwenye paji la uso kwa jasho lililokuwepo ikaganda pale pale, na mimi mikono bado iko wazi.

Akaenda moja kwa moja kwa dogo wa EGM, ambaye masikini alikuwa bado amesimama kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Akamuomba MC maiki. DJ akapunguza.

Dogo: "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia mgongo umepewa wewe. Basi na mto wake huu hapa, usije ukateseka kama alivyoteseka mwenzio." Akamkabidhi kwa mikono miwili. Dogo akapiga goti akapokea, akasema asante mama, kwa heshima zote, mtoto kalelewa. Kisha mama akarudisha maiki, akapita karibu yangu, na hapo bila maiki, sauti ya chini kabisa ile ya jikoni, akaniambia, "Simama wima."

Nikasimama wima. Elfu mbili ikadondoka.

Yaliyofuata hayana utamu, nayapitia haraka. Keki nililishwa na mwalimu wa shamba, kipande kikubwa, ananiangalia machoni. Jumatatu alinipa matuta yangu binafsi, wenzangu wanapiga msuli mimi napiga jembe mpaka siku tatu kabla ya GS. Matroni hanisalimii, na hilo ndilo linaniuma kweli. Jamaa wa HGL anayetaka kwenda kusoma sheria alinifuata bwenini kunieleza kwamba kwa sheria za kimila wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, mimi nilikuwa na mia sita, kwa hiyo mgongo ni halali wa dogo, siwezi kuudai tena. Dogo naye Jumatano iliyofuata akaenda kwa mwalimu wa shamba akiwa ameshika mto kama ushahidi, akaguna. Aliguna vibaya, ameguna kama mtu anayekohoa. Wakamwongezea mistari miwili. Ila mto anao mpaka leo, anaukalia prepo, fomu faivu wanamuita Pona Baba.

Na mama, tangu siku ile mpaka nimeshuka basi leo, hajanigombeza hata neno moja. Mnajua hiyo inatisha kiasi gani? Kanipokea vizuri, kanipakulia, kanikalisha kwenye kigoda kisicho na egemeo. Kaniuliza mitihani. Kasema majina ya JKT yakitoka atanisindikiza mwenyewe mpaka getini aongee na afande kuhusu mgongo wangu. Anasema hivyo huku anatabasamu. Kuna yule bibi aliyefunga siku tatu, kesho anakuja, kaambiwa nimepona, anataka kunishika mgongo atoe ushuhuda.

Mdogo wangu ndo hacheki. Kakaa mlangoni hapa na kaunta buku, lile alilokuwa anajifanya anaandikia hesabu. Kumbe likizo zote zile alikuwa anapiga vistari, vinne vinne na kimoja cha kukata, kurasa mbili zimejaa. Nimejaribu kumwambia nyingine zilikuwa nusu ndoo. Kanionyesha, nusu ndoo kaziandika pembeni. Jumla 186. Kauliza kama nataka kulipa asubuhi na jioni au nimalize kwa mkupuo, nikamwambia ngoja kwanza kuna kitu naposti, kanisubiri, kanisubiri, sasa kaileta ile ndoo kubwa ya bluu kaiweka miguuni kwangu na kalamu iko sikioni.

"Kaka. Ya kwanza."