Rimoti Moja, Nyumba Nzima Inahama

Jamani wenzangu wa Nkuhungu, Kisasa na Ipagala hapa Dodoma, hivi ni mimi tu? Televisheni tatu, king'amuzi kimoja, na rimoti anayo mama mkwe. Nani wa kumwomba? Akibonyeza sebuleni, nyumba nzima inahama! Uko chumbani, Simba na Yanga, dakika ya 89, kona inapigwa, ghafla unaangalia tamthilia ya Kituruki. Mwanamke analia. Na wewe unalia.

Fundi alisema, "Spilita tu, bosi, inamaliza kazi." Imemaliza kweli, imemaliza picha. Kidude hicho kikigawa mawimbi sehemu mbili, kila upande unabaki na nusu. Ongeza mita 20 za waya wa bei chee juu ya dari, halafu upepo wetu huu wa Dodoma ukitikise kile kidishi. Watoto wanaona chenga tupu. Wameshazoea, wanadhani mtangazaji ndivyo alivyo.

Basi, nikanunua king'amuzi cha pili. Kumbe na kifurushi cha pili! Kila mwezi! Na bado: kwenye waya mmoja, kimoja kinapeleka volti 13 kwenye dishi kuomba kundi moja la chaneli, kingine volti 18 kuomba kundi jingine, vinagombana kama mawifi, nusu ya chaneli hazipo. Eti ninunue kichwa cha dishi chenye sehemu mbili za kuchomeka waya, nivute waya mwingine, nitoboe tena ukuta. Ukuta gani? Huu uliobaki chujio?

Jana nimemkuta mwanangu kaburuta kigoda hadi koridoni, anachungulia TV ya sebuleni. Nikamwambia asogee.