Ukitutazama kutoka juu, sote tunafanana na magaidi

Juzi mtu ametuma video kwenye kundi letu la WhatsApp. Video hizi za mashambulio ya droni mnazijua: picha ya kijivu, alama ya shabaha katikati, vijitu vyeupe vinatembea, halafu moshi. Juu yake kapachika muziki, na chini kaandika, "Safi sana, hakuna askari hata mmoja aliyepata mkwaruzo." Yakafuata makofi na vimoto. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akaongeza, "Magaidi hao, wacha waende." Nikamuuliza, mzee wangu, umejuaje kuwa ni magaidi? Akanijibu, "Si unaona mwenyewe? Wako wengi, usiku, na mapikipiki."

Jibu hilo limenikwama kooni, kwa sababu halitofautiani na lile lililotolewa na Jeshi la Nigeria baada ya Tudun Biri.

Tarehe 3 Desemba 2023, usiku wa Jumapili, wanakijiji wa Tudun Biri katika jimbo la Kaduna walikuwa wamekusanyika kwa Maulidi. Droni, ndege isiyo na rubani ndani, ya jeshi la nchi yao wenyewe ikawaangushia bomu. Walionusurika walisimulia kwamba watu walipokuwa wakiokoa majeruhi na kukusanya maiti, lilianguka la pili. Shirika la serikali la kushughulikia maafa lilisema maiti 85 zimezikwa na majeruhi zaidi ya 60 wako hospitalini. Shirika la haki za binadamu la Amnesty International likasema waliokufa wanafika 120. Jeshi lilikiri, na mkuu wake, Jenerali Lagbaja, akaenda mwenyewe kijijini kuomba radhi. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba askari wa doria ya angani waliona kundi la watu, wakausoma vibaya mwenendo wao, wakadhani ni majambazi.

Mwenendo gani huo? Hapa ndipo damu inaponichemka.

Nyinyi mliokulia Pwani, ebu ikumbukeni maulidi ya kijijini. Baada ya Isha watu wanaanza kumiminika kutoka vijiji vya jirani, bodaboda moja imebeba watatu, na pikipiki zinapangwa safu chini ya minazi. Jenereta inanguruma nyuma ya jiko. Sufuria za pilau ziko juu ya mafiga, moto mkubwa, na vijana wanapishana na ndoo za maji. Watoto wa madrasa wamekaa mistari miwili wakitazamana, matari mikononi, wanainama kulia pamoja, wanainama kushoto pamoja. Mtu anapita na chetezo cha udi, mwingine anafuata na mrashi akimnyunyizia kila mmoja marashi kiganjani. Inapofika kiyamu, wote wanasimama kwa mpigo mmoja.

Sasa panda juu kabisa angani, zima sauti, na usiku huo uone joto la miili tu, kama kamera ya droni. Kaswida huisikii. Udi huunusi. Yule bibi anayegawa kahawa ni doa jeupe sawa na mwanamume wa miaka 25. Unachobaki nacho ni watu wengi waliotoka sehemu mbalimbali usiku, mapikipiki, moto mkubwa, jenereta, safu zilizonyooka, na kundi zima linalosimama ghafla kama limepewa amri. Mpe picha hiyo ofisa aliyekwisha kuambiwa kwamba eneo hilo lina majambazi, na hukumu ameshaibeba mfukoni.

Wengi hulaumu ugeni. Husema kijana wa Kimarekani anayeendesha droni akiwa amekaa Nevada hawezi kuijua harusi ya Mpashtuni wa Afghanistan wala mazishi ya Myemeni, na kweli hawezi. Lakini waliopiga Tudun Biri ni Wanigeria. Kaskazini mwa Nigeria Maulidi husomwa kila pembe, na ndani ya jeshi lile wamo maofisa waliolelewa kwenye maulidi hizohizo. Kumjua jirani hakukusaidia, kwa sababu yote tunayotambuana nayo, sauti, mavazi, salamu, harufu ya chakula, kamera haiyapeleki. Tumekabidhi amri ya kuua kwa jicho lisiloona lolote kati ya hayo.

Na tazama ni mikusanyiko gani inayopigwa. Tarehe 7 Januari 2022, siku ya Krismasi ya Waorthodoksi, droni ilipiga shule iliyohifadhi wakimbizi wa ndani huko Dedebit, Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, na zaidi ya watu 50 wakafa. Tarehe 18 Machi 2024, ndani ya Ramadhani, droni za Kituruki zilizokuwa zikiliunga mkono jeshi la Somalia zilipiga mara mbili karibu na Bariire, Shabelle ya Chini. Amnesty ilichunguza ikakuta raia 23 wamekufa, 14 kati yao watoto. Ijumaa ya tarehe 19 Septemba 2025, zaidi ya 70 waliuawa ndani ya msikiti El Fasher, Sudan, wakiwa kwenye swala ya alfajiri, na wanaotuhumiwa ni RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan. Sisemi yote haya ni makosa ya macho. El Fasher ilikuwa imezingirwa zaidi ya mwaka mzima na mimi siamini hata kidogo kwamba aliyerusha hakujua anapiga msikiti. Ninachosema ni kwamba silaha hii imempa muuaji wa makusudi na mzembe kisingizio kimoja: tuliona kundi.

Sisi ni watu wa kukusanyika. Tunazika pamoja, tunaoa pamoja, tunasali pamoja, soko letu ni la siku maalumu na watu hutoka mbali. Ukiufanya mkusanyiko kuwa dalili ya hatia, umewahukumu watu wa bara hili kwa namna wanavyoishi. Na lile bomu la pili ndilo baya kuliko yote. Kwetu ukisikia ukunga usiku, unatoka mbio na shuka kiunoni, huulizi. Anayesubiri wakimbiaji hao wafike ndipo apige tena, anawaua kwa sababu ya utu wao, na siku nyingine jirani atakapolia, watu watabaki ndani wakisikiliza angani kwanza.

Mtaniambia: na Garissa je? Nilijua mtasema Garissa. Watu 148 waliouawa na Al-Shabaab chuoni hapo tarehe 2 Aprili 2015 siwasahau, wala wa Mpeketoni wa Juni 2014, wala wa Westgate. Al-Shabaab si watu wa kubembelezwa, na kamanda wao akipigwa akiwa peke yake kwenye gari lake porini, sitatoa chozi. Nakubali pia, shingo upande, kwamba rubani akiwemo si lazima mambo yawe mema. Nigeria hiyohiyo, tarehe 17 Januari 2017, ndege ya kivita yenye rubani iliipiga kambi ya wakimbizi wa ndani huko Rann, Borno, na madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières walisema waliokufa hawapungui 90. Na droni yenyewe si shetani. Ile ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Congo, isiyo na silaha iliona boti ikizama Ziwa Kivu mwaka 2014, watu wakaokolewa. Rwanda hupeleka damu hospitalini kwa droni tangu 2016. Haya yote ni kweli, na hakuna hata moja linalojibu swali nililomuuliza yule mzee: umejuaje?

Watetezi wa droni husema hukaa juu muda mrefu, inachungulia, inasubiri, haikurupuki. Basi tazameni Kabul, tarehe 29 Agosti 2021. Wamarekani, wenye vifaa kushinda wote, walilifuata gari moja jeupe aina ya Corolla kwa muda wa saa nane hivi. Dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada. Walichodhani ni vilipuzi kilikuwa madumu ya maji aliyokuwa akiwapelekea watu wa nyumbani kwake. Kombora lilipiga uani, likaua watu 10, saba kati yao watoto. Jenerali Mark Milley, mkuu wa majeshi ya Marekani wakati huo, alisema hadharani kwamba ni shambulio la haki. Tarehe 17 Septemba, baada ya waandishi wa habari kufika pale na kuuliza majirani, Jenerali Kenneth McKenzie, kamanda wa majeshi yao katika eneo hilo, akakiri kwamba lilikuwa kosa. Desemba ikatangazwa kwamba hakuna askari atakayeadhibiwa. Kumtazama mtu kutwa nzima ukiwa umeshaamini ni adui hakukupi ukweli. Kila anachofanya kinaongezwa kwenye ushahidi, hata maji.

Na sasa nirudi kwenye ile sentensi ya "hakuna askari aliyepata mkwaruzo", maana inasifiwa kana kwamba ni utakatifu. Kumlinda askari ni jambo jema. Nina ndugu waliovaa gwanda, siwatakii mauti. Lakini askari aliye chini, gizani, anayerushiwa risasi, akikosea akapiga asiyehusika, tunaweza kumuelewa. Alikuwa na nukta moja ya kuchagua kati ya uhai wake na wa mwingine. Huyu wa kwenye skrini hana hofu hiyo. Hakuna atakayemfyatulia. Akisubiri dakika kumi zaidi, akisubiri mpaka alfajiri, hafi yeye wala mwenzake wa pembeni. Kwa hiyo, kadiri unavyokuwa salama ndivyo unavyodaiwa subira zaidi. Usalama huo ungekuwa sababu ya kutopiga mpaka uwe na yakini. Badala yake umegeuzwa ruhusa ya kupiga kwa sababu haikugharimu kitu.

Wala sijatunga hili kwa sababu ya huruma tu. Sheria ya kimataifa ya vita, yaani Itifaki ya Ziada ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, kifungu cha 50, inasema palipo na shaka kama mtu ni raia au la, ahesabiwe ni raia. Shaka inamfaidi aliye chini. Tudun Biri ilifanywa kinyume: shaka ilimfaidi aliye juu.

Halafu taarifa. Hizi taarifa za jeshi tunazozinakili kila asubuhi kwenye magazeti yetu, "magaidi watano wameuawa, hakuna raia aliyedhurika." Tarehe 1 Aprili 2018 Marekani ilitangaza hivyohivyo baada ya kupiga gari katikati ya Somalia, karibu na El Buur: magaidi watano, hakuna raia. Mwaka mmoja baadaye, baada ya Amnesty kuwabana, wakakiri kwamba shambulio hilo liliua pia mwanamke na mtoto. Kwa mwaka mzima karatasi rasmi ilisema hakuna raia aliyeuawa, na sisi tulisoma tukapita.

Kuhusu mashine zitakazochagua wa kuua zenyewe bila mtu yeyote, Antonio Guterres, akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alitaka mkataba wa kuzipiga marufuku ufikiwe ifikapo 2026, na mimi namuunga mkono.

Linaloninyima usingizi liko karibu zaidi. Ethiopia inazo droni zenye mabomu. Somalia zinaruka kila leo. Congo ilinunua droni za kivita za CH-4 kutoka China, na ndugu zetu wa Kivu wanaishi chini yake. Kutoka mpaka wa Somalia mpaka vijiji vyetu vya Basuba na Mangai, Lamu, ni msitu mmoja tu, Boni. Humo wamo watu wa jamii ya Waaweer, ambao asali ni sehemu ya riziki yao tangu mababu. Mrina asali huingia msituni na wenzake wachache, wana kamba, mapanga na moto wa kufukizia nyuki. Hulala huko. Tangu operesheni ya 2015 ya kuwasaka Al-Shabaab msituni humo wameshaishi miaka ya kusimamishwa, kuhojiwa, kuzuiwa msitu wao wenyewe, na hilo likifanywa na askari anayewaona uso kwa uso, anayeweza kulinusa dumu la asali. Kwa jicho la joto, wanaume wanne wenye moto katikati ya Boni ni nini?

Ndiyo maana nataka wabunge wetu wa Kenya, hasa wa Kamati ya Ulinzi, walizungumze jambo hili kabla silaha hizo hazijaruka juu ya Lamu, wasingoje mpaka tuwe na Tudun Biri yetu. Sheria iandikwe kwamba kundi la watu halipigwi kutoka angani mpaka awepo mtu ardhini, kwa jina na cheo chake, aliyethibitisha ni nani walio pale. Kwamba kupiga mara ya pili waokoaji ni mauaji, na hushtakiwa kama mauaji. Kwamba video yote hukabidhiwa mahakama, siyo sekunde kumi na tano za kuwekewa muziki. Kwamba fidia hulipwa familia bila kuisubiri imsake wakili Nairobi. Nigeria ilisema Aprili 2024 kwamba maofisa wawili watafikishwa mahakama ya kijeshi kwa ajili ya Tudun Biri. Mahakama ya namna hiyo ikae wazi, na waliofiwa wapewe viti vya mbele. Na wazee wa Basuba waitwe Bungeni, waulizwe asali hurinwa miezi gani, njia zipi, moto huwashwa saa ngapi, na majibu yao yaingie kwenye ramani ya yeyote atakayepewa idhini ya kurusha kitu juu ya vichwa vyao.